KURA, UMRI NA KAZI

Wasomaji wetu, neno la leo latuhusu sisi watumishi kuliko wengi wanavyodhani.

Mwezi wa Machi, 1957, Waafrika wa Kenya walipowachagua kwa mara ya kwanza wajumbe wao 8 wa Baraza la Kutunga Sheria, kura hazikuwa sawa. Mpiga kura ilimpasa awe na miaka 21, tena awe na sifa kama elimu, pato, au utumishi wa miaka mingi. Na mwenye sifa nyingi alipewa hata kura 3. Karani aliweza kumpita jirani yake mkulima kabla sanduku halijafunguliwa. Wengi hawakuwa na kura hata moja.

Mizani ile imekwisha vunjwa. Kila raia wa miaka 18 ana haki ya kura moja. Lakini twaona umri na kazi zingali zikiwapima watu, ingawa sheria haikuamuru. Katika daftari la 2022 waliandikwa watu 22,120,458. Vijana wa miaka 18 hata 34 hawakufika 40 katika kila mia, hali wao ndio wengi kati ya watu wazima wa nchi. Na hesabu yao ilikuwa imepungua kuliko ya 2017. Siku yenyewe walifika kama 65 katika kila mia ya walioandikwa. Agosti 2017 walikuwa karibu 80.

Sababu si uvivu tu. Mwenye mshahara na nyumba hukaa mahali pamoja, hupiga kura karibu na mlango wake. Kijana asiye na kazi huhama mji hata mji akitafuta riziki. Kituo alikoandikishwa chabaki nyuma, na nauli hana. Kibarua akiacha kazi siku moja, hukosa ujira wa siku hiyo. Wako na wasemao, "Kura haijanipa kazi." Nao haifai tuwacheke, maana sisi kazi tunayo.

Walakini asiyefika barazani shauri lake husahauliwa. Pensheni ikiguswa, wazee watanena kwa kura zao. Kazi za vijana zikiahirishwa, nani atanena?

Basi yatupasa kila mmoja amwulize kijana wa nyumbani mwake, na tarishi wa ofisini mwake, kama jina lake limo daftarini. Na kama amehama, amwonyeshe jinsi ya kulihamisha mapema. Waliotutangulia walipewa kura nyingi kwa vyeo vyao. Sisi na tutumie vyeo vyetu kumfikisha asiye na cheo kwenye kura yake moja.