Kilomita laki nne si ugonjwa

Haya ndugu wasomaji, leo tuweke kompyuta kando kidogo (si mbali sana, mtaona) tuongee magari. Nataka kutetea jambo ambalo hapa Garissa linanifanya nichekwe: kwamba kijana mwenye mshahara wa kawaida, anayependa kufungua vitu aone vinavyofanya kazi, ni afadhali anunue Toyota kuukuu yenye kilomita laki nne kwa pesa taslimu kuliko lile gari "jipya kutoka Japani" ambalo mita yake inasoma elfu sitini. Nina masharti, na nitayataja, kwa hivyo msinitukane kabla ya kufika chini.

Tuanze na pesa. Kenya hairuhusu gari lililotumika kuingizwa nchini kama limepita miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Julai 2023 ushuru wa forodha wa magari ukapanda kutoka asilimia 25 hadi 35, na hapo bado hujagusa ushuru wa bidhaa wala VAT. Matokeo yake ni kwamba hata kigari kidogo cha kutoka Mombasa bandarini kinapita milioni moja. Kwa mtu anayesubiri mwisho wa mwezi, milioni moja maana yake ni mkopo, na huku kwetu wengi hatutaki riba. Langu, Corolla 110 yenye namba inayoanza na KA, lilinigharimu shilingi 190,000 mkononi, basi. Abti wangu, ndugu ya mama, alizihesabu papo hapo kwa mbuzi. "Mbuzi ishirini! Mbuzi huzaa. Toyota haizai." Hoja yake ni nzito na sina jibu la kibiashara. Gari si mali ya kukuza pesa, na anayewaambia vijana kwamba project ya gari kuukuu ni uwekezaji anawadanganya.

Sasa kilomita. Mimi naandika programu kwa riziki, na katika kazi yetu kuna kosa moja la zamani: kupima kilicho rahisi kupimwa badala ya kilicho na maana. Kuna mabosi waliowahi kupima kazi ya mwandishi wa programu kwa idadi ya mistari aliyoandika. Kilomita za gari ni vivyo hivyo. Hebu piga hesabu nami. Gari lililotembea kilomita 400,000 kwenye lami kwa wastani wa 80 kwa saa limefanya kazi saa 5,000. Gari lililotembea kilomita 100,000 kwenye msongamano wa Nairobi kwa wastani wa 20 kwa saa limefanya kazi saa 5,000 hizo hizo! Tena la pili limewashwa likiwa baridi mara nyingi zaidi, limekanyagwa breki na klachi mara nyingi zaidi, na limesimama kwenye foleni huku injini inanguruma bila upepo wa kupoza rejeta. Garissa hadi Nairobi ni kama kilomita 370. Gari linalokwenda na kurudi mara tatu kwa wiki linapita kilomita laki moja kwa mwaka, na injini yake huenda iko na afya kuliko ya mama anayeendesha kilomita nne kwenda sokoni kila asubuhi.

Halafu kuna swali la kama hiyo namba ni ya kweli. Katika magari ya kisasa, kilomita ni data tu iliyoandikwa kwenye chipu ndogo ya kumbukumbu nyuma ya dashibodi. Chipu hiyo inasomwa na kuandikwa upya kwa kifaa cha bei rahisi na laptopu. Wewe msomaji uliyewahi kubadilisha rekodi kwenye hifadhidata unajua ilivyo: hakuna sauti, hakuna alama ya bisibisi, hakuna anayelia. Japani wenyewe walianza mwaka 2004 kuandika kilomita kwenye cheti cha ukaguzi wa gari, na ukaguzi huo wa magari ya kawaida hufanywa baada ya miaka mitatu ya kwanza, kisha kila miaka miwili. Kwa hivyo ukinunua gari lililoingizwa, dai karatasi za Japani ulinganishe na dashibodi. Muuzaji akisema zilipotea, jibu umelipata.

Muuzaji wangu hakuwa na shida hiyo. Ni mzee wa makamo ambaye gari lilikuwa likimfanyia kazi ya abiria kati ya Garissa na Mwingi. Mita ilisoma 387,412. Nikamuuliza, "Adeer, hizi kilomita ni za kweli?" Akacheka. "Adeer," (kwa Kisomali ami na mtoto wa nduguye huitana jina moja) "mita ilikufa. Gari halikufa." Lini? Hakumbuki vizuri, lakini alipokuwa na gari la pili mita hii ilikuwa tayari imesimama. Kwa hivyo nasema laki nne, nikijua huenda ni zaidi sana. Nikampenda mzee kwa hilo. Kuficha aibu ya kitu unachouza ni jambo tunalofundishwa tangu chuoni kwamba halifai, ila sokoni ni wangapi wanaokumbuka?

Kuna makala ambayo waandishi wa programu wa zamani mnaijua, ya Joel Spolsky, ya Aprili 2000, kuhusu Netscape kuitupa programu yao nzima na kuanza kuiandika upya. Alichosema, kwa ufupi wangu, ni kwamba msimbo wa zamani unaonekana mchafu kwa sababu umebeba ndani yake marekebisho ya miaka mingi, na ukiutupa unatupa na maarifa hayo. Ninaliona gari la kilomita laki nne hivyo. Kila kilichokuwa kimeumbwa kifeli mapema kilishafeli, kikabadilishwa. Mmarekani Irv Gordon alinunua Volvo P1800 mwaka 1966, na mwaka 2013 akafikisha nayo maili milioni 3, yaani karibu kilomita milioni 4.8. Lakini tusijipumbaze: Corolla 110 unazoziona barabarani leo ni zile zilizobaki. Zilizokufa huzioni, ziko Nairobi Kirinyaga Road zikiuzwa vipande vipande (na Mungu awabariki wanaoziuza, maana spea zangu zote zinatoka huko, zinapandishwa basi usiku na asubuhi niko nazo). Gari kuukuu linalotembea ni ushahidi kuhusu hilo gari moja tu, na si sifa kwa ndugu zake wote.

Kwa hivyo unalikaguaje hilo moja? Hapa ndipo napenda zaidi, na hapa ndipo ujuzi wetu wa kompyuta unapoingia.

Kitu cha kwanza hakihitaji kifaa chochote. Washa swichi bila kuwasha injini, uangalie kama taa ya injini kwenye dashibodi inawaka. Ni lazima iwake, kisha izime injini ikishanguruma. Kwenye langu haikuwaka kabisa. Fundi mmoja wa zamani, simjui, alikuwa ametoa balbu! Ni sawa na mtu anayefuta ujumbe wa makosa badala ya kurekebisha kosa, na sote tumeshaona msimbo wa namna hiyo. Nikaweka balbu ya shilingi hamsini, taa ikawaka na kubaki imewaka.

Magari haya ya Japani ya miaka ya tisini mengi hayaongei na vile vidude vya Bluetooth vinavyouzwa siku hizi. Yana njia yao, na ni nzuri ajabu. Fungua boneti, tafuta kisanduku kidogo cha plastiki chenye kifuniko kilichoandikwa DIAGNOSTIC. Ndani yake kuna tundu la TE1 na la E1. Unganisha hayo mawili kwa kipande cha waya, washa swichi, kisha hesabu mimweko ya taa ya injini. Ikimweka mfululizo bila kupumzika, kompyuta haina malalamiko. Ikimweka mara mbili, ikapumzika, ikamweka mara moja, hiyo ni 21, yaani kihisi cha oksijeni kwenye ekzosi. Mbili na mbili ni 22, kihisi cha joto la maji. Nne na moja ni 41, kihisi cha mkao wa mafuta. Kompyuta ya miaka ya tisini inakwambia shida yake kwa balbu moja! Langu lilisema 21, na ni kweli, waya wa kihisi ulikuwa umekatwa na kufungwa kwa utepe.

Kosa kubwa zaidi, hata hivyo, kompyuta haikulisema. Nililipata kwa kipimo changu mwenyewe. Nilifunga kihisi kidogo cha joto, DS18B20, juu ya mpira wa juu wa rejeta, nikakiunganisha na ESP32 inayoandika namba kila sekunde tano kwenye kadi ya kumbukumbu. Gharama yote haikufika elfu mbili. Alfajiri moja nikaenda hadi Mwingi na kurudi. Grafu ilinishangaza: barabarani, gari likikimbia, mpira haukupita nyuzi 64. Injini ilikuwa baridi! Garissa, ambako jua la mchana linapasua mawe, injini inatetemeka kwa baridi. Sababu mnaijua wote mliowahi kukaa chini ya mti na mafundi wetu: themostati ilikuwa imetolewa. "Hiyo ni ya wazungu, ya barafu, hapa Afrika haina kazi." Mafundi wengi wanaamini hivyo kwa moyo mweupe, na ndiyo inayonikera kuliko hata mita zilizoghushiwa, kwa sababu haina hila ndani yake.

Themostati ni mlango unaozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ifikie joto lake, na kwa injini hii mlango unaanza kufunguka kwenye nyuzi 82. Ukiutoa, upepo wa safari unapoza maji kupita kiasi, kompyuta inaona injini haijapata moto, inaendelea kumwaga petroli kama asubuhi. Na wala haikuokoi na joto: mchana nikiwa nimesimama sokoni, joto lilipanda kama kawaida, kwa sababu shida ya hapo ilikuwa rejeta iliyojaa magadi ya maji ya kisima yenye chumvi. Nikaweka themostati mpya, nikasafisha rejeta, nikajaza kipozeo halisi badala ya maji ya mfereji. Kutoka kilomita 9 kwa lita nikaenda 12. Kwa safari za Nairobi mbili kwa mwezi, petroli niliyookoa ililipa vitu vyote hivyo kabla ya miezi miwili kuisha.

Kwa wanaonunua huku kwetu, ongeza jambo moja. Mafuriko ya Novemba 2023 na ya Aprili na Mei 2024 yaliifunika barabara ya Madogo, na mtakumbuka boti iliyozama Kona Punda. Kuna magari yaliyolala majini siku hizo. Inua zulia, chungulia chini ya viti na nyuma ya dashibodi. Ukikuta tope laini lililokauka, kimbia, maana waya zilizooza hazina programu ya kuzitibu.

Masharti sasa. Breki, tairi na usukani vinatangulia injini, siku zote. Injini ikifa utasimama, breki zikifa hutasimama. Mimi kabla ya kugusa hata plagi nilibadilisha pedi, mipira ya breki na tairi mbili za mbele, jumla shilingi 31,000. Pili, ukinunua kwa 190,000 uwe na nusu yake nyingine pembeni ya mwaka wa kwanza. Kama huna, hujafikia bei ya gari hilo. Na tatu, ambalo kwangu ni kubwa kuliko yote: gari la project lisiwe ndilo gari pekee linalotegemewa nyumbani mgonjwa akizidiwa usiku. Garissa si Nairobi. Ukiharibikiwa kati ya hapa na Modogashe saa nane mchana, huna mtandao, huna kivuli, na gari linalofuata linaweza kuchukua saa nzima kupita. Langu bado halijatoka nje ya lami ya Nairobi, na halitatoka mpaka nibadilishe ukanda wa taimingi ambao hakuna anayejua uliwekwa lini. Hubadilishwa kila kilomita 100,000, na mita ilikuwa imekufa, sasa utahesabia wapi?

Hiyo mita nimeshaitengeneza, kilikuwa kigia cha plastiki tu. Inaendelea kuhesabu kutoka pale pale iliposimama, 387,412. Ndani ya kisanduku cha dashibodi nimebandika karatasi yenye tarehe niliyoitengeneza, na maneno haya: kilomita za kabla ya hapa hazijulikani. Siku nikiliuza, karatasi itaenda pamoja na gari.