Mkono wa Mwanachuo Unajulikana, Jicho Lake Je?

Ukipanda gari Makumbusho, ukapita Bunju na Mapinga, unashuka Bagamoyo. Wengi wetu tunaifuata bahari, magofu ya Kaole na picha za kuposti. Lakini wapo vijana wa Dar waliokwenda kule kudungwa vimelea hai vya malaria. Sio stori za kijiweni. Mwaka 2012 Taasisi ya Afya Ifakara iliwadunga vimelea hivyo vijana wa kiume 24 kwa ridhaa yao, ikawafuatilia, ikawatibu. Baadaye wengine kutoka vyuo vya Dar wakajitolea kwenye jaribio la chanjo ya PfSPZ. Matokeo yaliyotoka 2018 yalionyesha kuwa kingamwili zao zilikuwa chini kuliko za Wamarekani waliopewa chanjo hiyohiyo.

Kwa nini? Swali hilo ni letu kabisa, na darubini peke yake hailijibu. Seli za kinga ya asili, ile tunayozaliwa nayo, zina vipokezi kwa nje. Ukitaka kujua ni zipi zimeamshwa na malaria, unahitaji kingamwili ya maabara inayonasa kipokezi kimoja tu na kuviacha vingine vyote. Inabandikwa rangi inayong'aa, inachanganywa na damu, kisha seli zinapita moja moja mbele ya leza na mashine inahesabu. Kwa njia ya namna hiyo Maxmillian Mpina na wenzake waliandika, 2017, kwamba baadhi ya seli za wale vijana walioambukizwa zilibadilika na kubaki hivyo kwa miezi.

Kichupa cha kingamwili hiyo ni kidogo tu, na kimeandikwa kuwa ni cha utafiti, si dawa. Kinaagizwa nje, kinasafiri kwenye ubaridi, kinalipiwa kwa dola. Yaani damu ni ya kwetu, jicho la kuisomea tunaagiza.

Na wala si siri ya mtu. Köhler na Milstein walionyesha njia mwaka 1975 pale Cambridge: unaunganisha seli ya panya inayotengeneza kingamwili na seli ya saratani isiyokufa, unapata seli inayozalisha kingamwili ileile miaka nenda rudi. Hawakuiwekea hataza. Mimi nilifika chuo nikijua tu kwamba kingamwili ina umbo la Y. Nilidesa mchoro, nikapata vema, basi. Nikienda field nikawachorea wanafunzi Y ileile, nitakuwa nimefanya kazi gani? Bagamoyo ipo hapo, nauli ya daladala tu, na mfano ni wa kaka zetu.

Sipingi majaribio. Ifakara wamewasomesha Watanzania wengi na heshima yao naitambua. Ninachotaka ni serikali yetu ya wanafunzi iweke sharti: mtafiti anayekuja chuoni kutafuta watu wa kujitolea arudi na majibu, ayaeleze ukumbini kwa Kiswahili, tumuulize maswali hata yale ya kijinga. Na pamoja na fomu ya ridhaa alete fomu ya nafasi za mafunzo maabara, hata mbili tu, moja iwe ya sisi wa ualimu. Watu wa sayansi watanuna. Wanune, ila sisi ndio tutakaomfundisha mtoto wa Kidato cha Kwanza.