SHA inalipia mashine, lakini nani analipia Jumanne na Ijumaa zako?

Hebu fanya hesabu hii ukiwa kwa matatu. Mgonjwa wa figo akisafishwa damu mara moja, SHA inalipa hospitali Sh10,650. Enzi za NHIF ilikuwa Sh9,500. Kawaida hapa kwetu mtu husafishwa mara mbili kwa wiki. Hizo ni mara 104 kwa mwaka, yaani zaidi ya Sh1.1 milioni. Kama hujalipia SHA, bili hiyo ni yako, ya mamako na ya kile kikundi cha WhatsApp cha harambee.

Tangu SHA ichukue nafasi ya NHIF Oktoba 2024, kelele zimekuwa kuhusu pesa: nani amelipwa, nani hajalipwa. Ni kelele za haki. Lakini kuna gharama haimo kwa hiyo bei, na ndiyo inamaliza kijana wa miaka 25. Ni siku zake.

Kuna jamaa wa mtaani kwetu, mwendesha boda. Jumanne na Ijumaa ni za mashine. Saa nne akiwa amelala hapo, ongeza foleni na nauli, na akitoka hana nguvu ya kushika pikipiki. Wiki yake ya kazi imekatwa karibu nusu. Na siku "sistimu iko chini", anaambiwa alipe kesh ama asubiri. Sasa asubiri nini? Maji yanajaa mwilini, potasiamu inapanda, na moyo unaweza kusimama.

Tuseme ukweli, mashine zilizopelekwa hospitali za kaunti kuanzia 2015 zilisaidia. Wengi waliacha kusafiri hadi Nairobi. Lakini kuna njia nyingine ambayo wanasiasa hawaigusi sana: kujisafisha nyumbani. Unawekewa mrija tumboni, unaingiza maji maalum kama lita mbili, yanakaa saa kadhaa yakivuta uchafu, kisha unayatoa. Kawaida ni mara nne kwa siku. Unaweza kufanya moja asubuhi kabla ya kazi na nyingine usiku. Hakuna sindano, hakuna foleni.

Najua unachofikiria. Chumba kimoja Kayole, watu watano, maji ya mtungi? Ni swali la maana, kwa sababu usafi ukiteleza tumbo linapata maambukizi, na hayo yanaua. Pia mifuko ya maji ni kama 120 kwa mwezi. Lazima mtu ailete na upate pa kuiweka. Kwa hivyo si ya kila mtu. Lakini Thailand, ambayo pia ina vijiji vya mbali na watu wa kipato cha chini, iliamua mwaka 2008 kwamba bima yake ya umma itaanzia na njia ya nyumbani, mifuko ikipelekwa hadi mlangoni. Mwaka 2022 ikawaachia wagonjwa wachague. Hilo neno "wachague" ndilo tunakosa hapa.

Kwa hivyo mwanasiasa akija mtaani kujigamba kuhusu mashine, muulize: nani anafunza wagonjwa kujisafisha nyumbani, na nani analeta mifuko?

Na wewe? Kujisajili SHA si kulipa. Kama huna payslip, kiwango cha chini ni Sh300 kwa mwezi, na unadaiwa mwaka mzima kwa mkupuo, Sh3,600. Inauma, najua. Linganisha na Sh10,650 za siku moja.

Halafu pima presha na sukari, maana hizo mbili ndizo zinaharibu figo nyingi, na kimyakimya. Punguza pia kumeza dawa za maumivu kila siku kama peremende. Jamaa wa boda hakusikia dalili yoyote hadi miguu ilipovimba. Wakati huo figo zilikuwa zimeenda.