Geji ya kwanza iwe ya oili, ya kuringia ije baadaye

Wasee, tuambiane ukweli. Wengi wetu tukipata gari lenye supachaja, kitu cha kwanza tunachokimbilia ni ile geji ya busti, yaani ya presha ya hewa inayoingia kwenye injini. Usiku inawaka taa nyekundu, ukikanyaga mafuta sindano inaruka, na rafiki aliyekaa mbele anatoa simu kurekodi. Inapendeza, sikatai. Lakini kati ya geji zote unazoweza kuweka kwenye gari hilo, hiyo ndiyo itakayokuokolea injini mara chache zaidi.

Msimamo wangu ni huu. Kama una pesa ya geji moja tu, nunua ya presha ya oili. Ukipata ya pili, weka ya joto. Ya tatu iwe ya kupima mchanganyiko wa hewa na petroli. Busti isubiri mwisho wa foleni.

Usiseme haya ni mambo ya matajiri wa Karen. Gari la supachaja ambalo kijana wa Kisii anaweza kulifikia lipo, tena unalijua: Mercedes C200 Kompressor. Jina hilo lililoandikwa kwenye buti ni Kijerumani, na linataja ile mashine ya kusukuma hewa. Zipo pia MINI Cooper S za kati ya 2002 na 2006, Golf za 1.4 TSI zenye supachaja na turbo pamoja, na Audi za 3.0 ambazo nyingine zimeandikwa T na watu wanadhani ni turbo, kumbe ndani kuna supachaja.

Sasa fikiria hali ya magari haya. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lililozidi umri wa miaka 8. Maana yake Kompressor ya miaka ya 2000 unayouziwa leo imekaa nchini muda mrefu, na imepitia mikono kadhaa kabla ya kufika kwako. Nani alimwaga oili kwa wakati? Nani aliruka sevisi tatu mfululizo? Muuzaji atakwambia gari lilikuwa la mama mwalimu. Injini haijui hadithi hiyo. Geji ndiyo itakayokwambia hali halisi, bora uwe umeweka ile inayofaa.

Kwanza tuelewane supachaja inafanya nini. Inazungushwa na mkanda unaotoka kwenye krenki ya injini, tofauti na turbo inayozungushwa na moshi wa ekzosi. Ndiyo maana nguvu yake inakuja mara tu unapokanyaga. Inabana hewa na kuisukuma kwenye silinda, petroli inaongezwa ilingane na hewa hiyo, na mlipuko unakuwa mkubwa zaidi. Lakini hewa ikibanwa inapata joto. Mlipuko mkubwa unaongeza joto lingine, na unabana beringi za krenki kwa nguvu zaidi. Kinachozuia chuma kisisage chuma mwenzake ni utando mwembamba wa oili. Utando huo ukikatika kwa sekunde chache tu, injini imenoki, na hapo hesabu ni ya injini nyingine, si ya spea.

Ndiyo maana naanza na oili. Utaniambia dashibodi tayari ina taa ya oili. Taa ile huwashwa na swichi ndogo, na kwa magari mengi huwaka presha ikiwa imeshuka chini kabisa, karibu na psi 5. Kwa injini inayozunguka mara 4,000 kwa dakika, psi 5 ni msiba uliokwisha tokea. Taa inakutangazia mazishi; geji ingekuonyesha mgonjwa angali anatembea.

Mafundi wana kanuni ya zamani: psi 10 kwa kila mizunguko 1,000, oili ikiwa imepata moto. Si sheria ya Biblia. Kila injini ina vipimo vyake kwenye kitabu cha mtengenezaji, na injini ikiwa moto bila kukanyaga mafuta, presha hushuka sana na ni kawaida. Kazi yako ni kuijua kawaida ya gari lako. Iandike: asubuhi ikiwa baridi inasoma ngapi, ikiwa moto umesimama inasoma ngapi, kwa mizunguko 3,000 inasoma ngapi. Wiki mbili tu zinatosha. Siku nambari hizo zikianza kushuka polepole, unajua kuna jambo wiki kadhaa kabla jambo lenyewe halijakujulisha.

Na barabara zetu zinaitafuta oili. Kisii ni milima na kona. Oili ikiwa imepungua kwenye sampu, ukiingia kona kwa kasi inakimbilia upande mmoja, pampu inanyonya hewa, na sindano inaanguka ghafla. Ukiona hivyo hata mara moja, punguza, simama mahali salama, zima, kisha vuta dipstiki. Usiseme "acha nifike kwanza".

Geji ya pili ni ya joto. Chukua mfano wa Daraja Mbili. Pale sokoni unatambaa: mikokoteni ya ndizi, boda boda, matatu zinazopakia, mama anavuka na gunia. Gari haliendi, kwa hivyo hakuna upepo wa kupoza redieta. Feni peke yake inahangaika, na chini ya boneti kila kitu kinachemka, hiyo supachaja ikiwemo. Kisha msongamano unaachia, unaelekea Keroka, na barabara inapanda. Hapo ndipo mguu unashuka kwa hasira ya kuchelewa. Unaiomba injini nguvu zote wakati imechoka kwa joto.

Sindano ya joto ya kiwandani haitakusaidia sana. Kwenye magari mengi ya kisasa imepangwa ikae katikati hata joto linapopanda na kushuka kwa nyuzi kadhaa, dereva asiingiwe na wasiwasi. Inapoanza kusogea, mambo yameshaharibika. Geji yenye nambari inakuonyesha kila kitu. Maji ya redieta kati ya nyuzi 85 na 105 kwa kawaida ni sawa. Yakizidi 110, ondoa mguu na utafute pa kusimama. Oili nayo hupata moto polepole kuliko maji: chini ya nyuzi 80 usiikamue injini, kati ya 90 na 110 ina raha, na ikikaribia 130 mpe mnyama apumzike.

Ya tatu ni ya mchanganyiko. Hii inahitaji sensa ya kuchomekwa kwenye bomba la ekzosi, na bei yake inauma. Kama gari lako liko vile lilivyotoka kiwandani, unaweza kuiahirisha. Lakini ukishabadilisha puli ya supachaja ukaweka ndogo, au ukampa mtu kompyuta ya gari "aifungue", basi geji hii ni lazima. Petroli huungua vizuri sehemu moja kwa hewa sehemu 14.7 ukiendesha pole. Ukikanyaga mpaka chini na busti imejaa, injini nyingi za aina hii zinataka petroli zaidi, karibu 11.5 hadi 12.5. Geji ikikuonyesha 14 wakati huo, petroli haitoshi: joto linapanda, injini inaanza kugonga, na pistoni inaweza kutoboka. Hutasikia harufu wala kuona moshi. Tena gari litakuwa linavuta vizuri tu, mpaka lisivute tena.

Sasa busti. Sijasema haina kazi. Ikishuka kutoka ile uliyozoea, huenda mkanda unateleza au bomba limepasuka. Shida ni vile tunavyoisoma. Mji wa Kisii uko takriban mita 1,700 juu ya bahari. Hewa yetu ni nyepesi: presha yake iko chini ya ile ya Mombasa kwa karibu asilimia 18. Supachaja inazidisha hewa inayoikuta, haiumbi hewa. Ile inayotoa psi 10 Mombasa itatoa kama 8 hapa, na iko salama kabisa.

Lakini msee anatazama video ya mtu wa Marekani anayeishi karibu na bahari, anaona 10, kwake anaona 8, anaamini ameibiwa. Anaenda kuweka puli ndogo. Sasa anasoma 10 hapa Kisii, anafurahi. Desemba inafika, anapakia mabeste, safari ya Mombasa. Kadiri anavyoshuka hewa inakuwa nzito, busti inapita 10 na kukaribia 12, na kama hakuna aliyehakikisha petroli itatosha, injini inamalizikia Mtito Andei au Voi, kilomita mamia kutoka kwa fundi wake. Geji ya busti ilimdanganya? Hapana. Alisoma nambari ya mtu mwingine.

Kuna mtu atauliza: si ninunue kile kifaa kidogo cha kuchomeka chini ya usukani kinachoongea na simu? Nunua, ni mwanzo mzuri, na ni rahisi kuliko geji yoyote. Kitakupa joto la maji, joto la hewa inayoingia, na mara nyingi busti. Ila kumbuka mambo mawili. Kwanza, kwa magari mengi ya rika hili hakikupi presha ya oili, kwa sababu gari lenyewe halina sensa hiyo. Pili, programu nyingine huhesabu busti kana kwamba uko usawa wa bahari, kwa hivyo hapa Kisii injini ikiwa imezimwa utaona nambari chini ya sifuri. Usishtuke wala usipeleke gari gereji.

Ukienda kununua geji, angalia haya. Geji za majina makubwa zina za kuigiza kibao, kwa hivyo usilipie jina, lipia kipimo. Chagua yenye kengele unayoweza kuipangia nambari, kwa sababu kwenye kona za huku macho yako yana kazi nyingine. Yenye kumbukumbu ya kiwango cha juu ni bora zaidi. Kwa presha ya oili, tafuta ya umeme yenye sensa. Zile za zamani zinazoleta oili yenyewe kwa mrija mpaka ndani zikipasuka zinakumwagia oili moto miguuni.

Kisha ijaribu kabla ya kuiamini. Asubuhi na mapema, kabla ya kuwasha injini, washa swichi tu. Presha ya oili na busti zisome sifuri. Joto la oili na la maji yawe karibu sawa, kwa sababu vyote vimelala kwenye baridi moja. Zikitofautiana sana, kuna moja inayokudanganya. Mwombe fundi alinganishe presha ya oili na geji yake ya mkono.

Kuhusu kufunga, usimwache fundi apige njia ya mkato. Sensa yenye waya mmoja hupata ethi kupitia mwili wake wa chuma, kwa hivyo ikizungushiwa ile tepu nyeupe ya mabomba inaweza kusoma uongo. Waya wa umeme upitie fyuzi. Na usikubali geji kwenye nguzo ya kioo cha mbele kabla ya kujua kama ndani yake kuna eabegi, maana Mercedes nyingi zinazo. Eabegi ikifyatuka, geji hiyo inakuwa jiwe la usoni.

Mwisho ni jambo ambalo haliuzwi dukani. Geji haizimi injini, wewe ndiye unayeizima. Kabla ya kuifunga, amua nambari ambayo ukiiona utaondoa mguu hata kama unayeshindana naye ni Subaru na nyuma umepakia washangiliaji. Iandike kwenye karatasi, ibandike kando ya usukani. Gari hilo pengine ndilo kitu kikubwa zaidi unachomiliki, na pengine bado unalilipia mkopo wa sacco. Geji nne zinazong'aa bila nambari ya kuachia ni taa za Krismasi. Moja ya oili, yenye nambari na mtu wa kuitii, inatosha kukupandisha Keroka na kukurudisha na injini ile ile.