Pembezoni mwa uzio pana mboga, na pana sumu

Katika nyumba nyingi za Nkowe, wilayani Ruangwa, kati ya uzio na uwanja wa nyumba kuna kipande chembamba cha ardhi kisicho na kazi. Upana wake ni hatua moja, wakati mwingine haifiki. Hapo ndipo majivu humwagwa, kuku huchakura na watoto hucheza jua likiwa kali. Mama akiulizwa kwa nini hapandi kitu, hujibu kwa swali: “Pale pataota nini?”

Lakini tayari kuna kilichoota. Mara nyingi uzio wenyewe ni mmea, mbono kaburi au minyaa, iliyochomekwa miaka mingi iliyopita ili mbuzi wasiingie. Mimea hiyo ndiyo sababu ya mzazi kupaangalia vizuri mahali hapo kabla ya kushika jembe.

Uzio wenye madhara

Mbegu za mbono kaburi zina sumu. Hatari yake ni kwamba ladha yake haichukizi. Mtoto huzitafuna akidhani ni aina ya karanga. Baadaye huanza kuungua koo, kuumwa tumbo, kutapika na kuharisha, na akiharisha sana huishiwa maji mwilini. Minyaa nayo ina utomvu mweupe unaounguza ngozi. Ukiingia jichoni huleta maumivu makali na unaweza kuharibu uwezo wa kuona.

Mtoto akila mbono, usimlazimishe kutapika. Mwahishe zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, na uchukue mbegu moja ili mhudumu aione. Utomvu wa minyaa ukiingia jichoni, osha kwa maji safi mengi yanayotiririka, kwa dakika zisizopungua 15, kisha nenda kituoni hata kama maumivu yamepungua.

Si lazima kung’oa uzio wote kwa siku moja, maana mbuzi wa jirani hawangoji. Anza upande ambao watoto hucheza. Okota matunda ya mbono kabla hayajapasuka na uyafukie mbali. Anayekata minyaa afunike macho na mikono, na watoto wakae mbali mpaka kazi iishe.

Nini kipandwe

Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Si kwamba wote wanalala na njaa. Mtoto anaweza kushiba ugali kila siku na bado akakosa vitamini na madini. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa miaka miwili hadi mitano ale angalau gramu 250 za mboga na matunda kwa siku.

Kwa familia inayosubiri fedha za ufuta au korosho, mboga ya kununua kila siku ni mzigo. Hapo ndipo hatua moja ya ardhi inapopata thamani. Ukanda wa mita 10 kwa mita moja ni tuta la mita za mraba 10.

Karibu na uzio panda vinavyosimama, kama mbaazi, ambayo watu wa kusini wanaijua vizuri na inayovumilia ukame, au mlonge unaokatwa mara kwa mara usipande juu. Kama uzio ni wa miti mikavu au mianzi, acha maboga yatambae juu yake. Yatatoa msusa kwanza, kisha maboga yenyewe. Upande wa mbele weka matembele na mchicha. Mchicha huanza kuvunwa wiki tatu hadi nne baada ya kupandwa. Palipo na kivuli muda mwingi wa siku, usitarajie mavuno makubwa.

Ruangwa mvua huanza Novemba au Desemba na kuisha Aprili au Mei. Kwa hiyo samadi iliyooza ichanganywe na udongo kabla ya mvua, siyo baada. Wakati wa kiangazi, maji yaliyooshea mboga au mchele yasimwagwe njiani, yapelekwe kwenye tuta.

Usafi kwanza

Samadi mbichi huunguza mimea na hubeba vimelea. Usipande mboga pale ambapo watoto hujisaidia, maji ya choo hupita, au betri zilizokwisha zilikuwa zikitupwa. Usiache maji yatuame, kwani mbu wa malaria huzaliana humo. Palilia pia, maana kichaka kilicho karibu na mlango huwa maficho ya nyoka.

Jikoni nako kuna la kufanya. Osha mboga kabla ya kukata, usiipike mpaka ikapoteza rangi, na weka mafuta kidogo au karanga za kusaga, kwa kuwa mwili huhitaji mafuta ili kupata vitamini A. Kamulia limau mezani ili mwili upate madini chuma vizuri zaidi, na chai isinywewe pamoja na chakula hicho. Bustani haichukui nafasi ya matone ya vitamini A, ambayo watoto wa miezi 6 hadi 59 hupewa Juni na Desemba.

Jioni ya leo, kabla giza halijaingia, baba na mama wazunguke uzio wao pamoja. Watazame mtoto wao anapocheza, na waulizane: akinyoosha mkono hapa, atachuma nini?