Kung'oa klimatizeri ili taksi ipungue uzito

Juma hili tunaacha kidogo mambo ya masomo na ya jiko, tunafungua kapo ya gari. Hatujageuka mafundi. Lakini likelemba zetu sasa zinanunua magari, na mahali feza ya wamama inapoingia, ukurasa huu nao unaingia.

Kikundi kimoja cha hapa Lubumbashi, wamama kumi na wawili, kina taksi moja: Toyota ndogo ya zamani iliyotoka Japani, usukani upande wa kuume. Klimatizeri yake ingali inatoa baridi. Sasa shofere wao ameleta shauri. Kuna garaji iliyo tayari kuing'oa klimatizeri yote, kuanzia mbele mpaka ndani. Gari itakuwa nyepesi, anasema, na itakunywa esansi kidogo. Tena kazi ni ya bure: fundi haombi hata faranga moja, atabaki tu na vipande atakavyotoa. Wamama wanapaswa kujibu mwisho wa mwezi. Sita wanasema ndiyo, sita wanasema hapana, na wametuomba tuseme neno.

Neno letu ni hapana, angalau si kwa namna hiyo.

Shauri lenyewe si la kuchekwa. Wapenzi wa magari ya mbio huko Ulaya na Amerika wanafanya hivyo tangu zamani. Mwaka 2016 kampuni ya Porsche ilitoa gari lililoitwa 911 R, magari 991 tu dunia nzima, na ili lipunguzwe uzito waliliuza bila klimatizeri na bila redio, isipokuwa mnunuzi aombe mwenyewe. Vijana wetu wanaona mambo hayo kwenye simu, wanayaleta garaji. Lakini mwenye gari la namna ile anaendesha peke yake, kwa furaha yake, na akisikia joto anarudi nyumbani. Taksi ya wamama inabeba watu watano tangu asubuhi, mmoja ana mtoto kwenye mapaja, mwingine ana mfuko wa unga nyuma, na hakuna anayerudi nyumbani kabla ya feza ya siku kutimia.

Basi tupime. Klimatizeri ya gari ndogo ina kompresa, ile pampu nzito inayokaa ubavuni mwa mota na kuzungushwa na mkanda. Ina radiatere yake ya pili, nyembamba, iliyo mbele kabisa ya radiatere ya maji. Ina mabomba ya aluminiamu, chupa ndogo ya kukausha gesi, na radiatere nyingine ndogo iliyojificha nyuma ya tablo, mbele ya miguu ya abiria. Ukiweka vyote kwenye mizani unapata karibu kilo 20, gari moja kidogo zaidi, nyingine kidogo chini yake. Kilo 20 kila mama anazijua kwa shingo yake: ni bidoni moja ya maji ya lita 20.

Bidoni moja katika gari yenye watu inabadilisha nini? Gari hiyo pamoja na shofere na abiria wake haipungui kilo 1,400. Wanaopima magari wanasema ukipunguza uzito kwa asilimia 10, esansi inapungua kwa asilimia 6 hadi 8. Hapa tunapunguza kama asilimia moja na nusu. Kwa hiyo esansi itapungua kwa asilimia moja tu, au pungufu. Tuseme taksi inakula lita 12 kwa siku. Asilimia moja ya lita 12 ni desilita moja na kidogo. Hiyo ni nusu glasi. Abiria mmoja mnene akishuka, gari imepunguza uzito mara nne kuliko kazi yote ya yule fundi.

Hapo shofere atajibu, na jibu lake ni la kweli: "Lakini mama, nikiwasha klimatizeri, esansi inaisha mbio." Ndiyo. Klimatizeri inayofanya kazi kwenye joto la mwezi wa kumi inaweza kula sehemu moja ya kumi ya esansi na hata zaidi, maana mota ndiyo inayoizungusha kompresa. Katika lita 12 hiyo ni zaidi ya lita nzima. Ila kinachokula lita hiyo si uzito, ni kompresa inapozunguka. Na ya kuisimamisha haihitaji ufunguo wa namba 12 wala garaji: kuna kifungo kwenye tablo. Ukikizima, sumaku iliyo mbele ya kompresa inaachia, gurudumu la mkanda linazunguka bure, na mota haibebi tena mzigo ule. Kifungo kinaokoa zaidi ya lita moja. Ufunguo wa fundi unaongeza nusu glasi juu yake. Sisi tunaofundisha hesabu, mwanafunzi akituletea biashara kama hiyo tungemwomba asome tena swali.

Tuulize pia nani anapata nini. Katika taksi nyingi za hapa kwetu shofere ndiye anayeweka esansi, naye anawaletea wenye gari feza ya kila siku iliyopatanwa. Basi ile nusu glasi ni yake. Fundi anapata kompresa nzima, radiatere na mabomba, vitu ambavyo mtu mwingine mwenye gari ya aina ileile anavitafuta na atavinunua kwa dola. Wamama wanapata gari ambayo siku ya kuiuza mnunuzi atafungua kapo, ataona mahali patupu, na atashusha bei. Hatusemi kwamba shofere ni mwizi. Huyu anaamka kabla ya jogoo na anajua bei ya esansi kuliko sisi sote. Lakini kazi ya bure ambayo malipo yake ni vipande vya gari yenu si ya bure.

Kuna neno lingine zito kuliko feza: gesi. Ndani ya mabomba yale kuna gesi iliyobanwa kwa nguvu. Kwenye magari mengi yaliyotengenezwa tangu katikati ya miaka ya 1990 ni ile inayoitwa R-134a. Mara nyingi jina lake limeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa chini ya kapo. Gesi hiyo ikitoka ghafula inachemka kwenye baridi ya digrii 26 chini ya sifuri. Ikigusa mkono inaunguza kama moto, ikigusa jicho inaweza kulipofusha. Ikikutana na moto wa kuchomelea inageuka kuwa sumu ya kuvuta. Tumeona garaji ambamo watoto wanacheza katikati ya magari, na mama anauza mikate mlangoni. Fundi anayelegeza bomba pale ili gesi itoke na kelele yake hafai kupewa gari.

Tena gesi hiyo haipotei ikishapanda juu. Kilo yake moja inaongeza joto la dunia mara 1,400 hivi kuliko kilo moja ya hewa chafu ya moshi, ukihesabu kwa miaka 100. Ndiyo sababu mataifa yalipokutana Kigali mwaka 2016 yalikubaliana kupunguza gesi za namna hiyo. Gari ndogo ina kama nusu kilo ndani yake. Tulipiga hesabu: kuiachia nusu kilo hiyo ni sawa na kuchoma esansi lita 300, yaani karibu mwezi mzima wa kazi ya taksi ile. Mtu anayetaka kuokoa nusu glasi kwa siku angeanza kwa deni kubwa hivyo. Fundi anayejua kazi yake ana mashine ya kuinyonya gesi na kuifunga ndani ya chupa. Swali la kwanza la kumwuliza ni hilo.

Halafu kuna mambo ambayo fundi wa haraka anayaacha nyuma yake. Kwenye gari nyingi mkanda mmoja unazungusha kompresa pamoja na altaneta inayochaji batri, na mara nyingine pampu ya maji vilevile. Ukitoa kompresa, ule mkanda umekuwa mrefu mno. Lazima upatikane mwingine wa kipimo chake, au gurudumu la kushika mahali pa kompresa. Asiyejali anaufunga hivyohivyo, na baada ya siku mbili gari inachemka katikati ya njia. Feni nayo: kuna magari ambayo feni moja imefungwa kwenye ile radiatere ya mbele. Ikienda nayo, mota inakosa upepo kwenye foleni.

Na kuna matundu, jambo linalotutia hofu kuliko yote. Mabomba ya klimatizeri yanapita kwenye ukuta wa chuma kati ya mota na mahali watu wanapokaa. Yakitolewa, yanabaki matundu mawili. Yasipozibwa vizuri, moshi wa mota unaweza kuingia ndani, na katika moshi huo kuna ile hewa isiyo na rangi wala harufu, ileile inayoua watu waliolala na mbabula ya makala ndani ya chumba kilichofungwa. Mtoto aliyesinzia kwenye mapaja ya mama yake hataweza kusema kwamba kichwa kinamuuma.

Mvua nayo tusiisahau. Kuanzia mwezi wa kumi na moja, taksi yenye watu watano na vioo vimefungwa inajaa pumzi, na kioo cha mbele kinageuka cheupe kama kifuniko cha sufuria. Klimatizeri haitoi baridi tu, inakausha hewa: unyevu unashikwa kwenye ile radiatere ndogo ya ndani, unakuwa maji, na yanadondoka chini ya gari. (Maji hayo ndiyo yanayowashtua wengi wakidhani radiatere imetoboka.) Shofere akiiwasha kwa dakika chache, kioo kinarudi safi. Bila hiyo anafuta kwa kitambaa, mkono mmoja usukani, huku watoto wanavuka wakitoka masomo. Kuna njia nyingine, yaani kupuliza hewa ya moto kwenye kioo na kufungua dirisha kidogo, lakini abiria waliolowa wanaifahamu raha yake.

Hatusemi klimatizeri isitolewe kamwe. Kama imekufa, gesi ilishatoka yote miezi mingi iliyopita, kompresa inalia na kula mikanda, na kuitengeneza ni dola nyingi kuliko taksi inavyoingiza, basi itolewe kompresa, uwekwe mkanda wa kipimo chake, na midomo ya mabomba izibwe. Ya ndani ya tablo iachwe palepale ilipo. Kuitoa ni kuvunja tablo nzima kwa ajili ya kilo mbili au tatu, na plastiki ya zamani ikifunguliwa hairudi kama ilivyokuwa. Itapiga kelele kwenye kila shimo, nasi mashimo tunayo.

Kwa wale wamama kumi na wawili: anzeni nyuma ya gari. Tumeona taksi zinazotembea na bidoni ya maji, jeki mbili, batri iliyokufa na gurudumu la akiba lisilo na upepo. Hapo kuna kilo za kutoa bila kulipa mtu. Kama kuna galeri juu ambayo haibebi kitu, ifunguliwe, maana inapigana na upepo siku nzima. Mipira ipimwe upepo kila juma asubuhi kabla gari haijapata joto. Mpira uliolegea unakula esansi polepole na wenyewe unakwisha upesi.

Halafu shofere apewe daftari. Siku ya kwanza ajaze tanki mpaka juu na kuandika kilometa. Afanye juma moja klimatizeri ikiwa imezimwa, isipokuwa kioo kikishika ukungu, ajaze tena na kuandika lita zilizoingia. Juma la pili aiwashe kama alivyozoea, ajaze, aandike. Lita zigawanywe kwa kilometa za kila juma. Akisoma tofauti hiyo kwa mkono wake mwenyewe atajua zaidi kuliko tukimwambia sisi. Kama hesabu inawasumbua, leteni daftari kwenye mkutano wa vikundi, tutaipiga pamoja ubaoni.