Mali Bila Daftari: Hatima ya Uga wa Umma Katika Mitaa Mipya

Neno kiwanja lina maana mbili ambazo wazungumzaji wa Kiswahili huzitumia kila siku pasi na kuona mgongano wowote baina yake. Kiwanja ni mahali pa wazi ambapo watoto hucheza na watu wazima hukutana. Kiwanja vilevile ni kipande cha ardhi kilichopimwa ili kijengwe nyumba. Kamusini maana hizo hukaa pamoja kwa amani. Katika miji ya Kenya, hata hivyo, zimekuwa mahasimu, na kwa muda mrefu maana ya pili imekuwa ikiimeza ile ya kwanza. Palipokuwa na goli la miti miwili pameota ghorofa. Palipochorwa bustani pana ukuta, lango na bawabu.

Hali hii haisababishwi na uhaba wa sheria. Sheria ya upangaji ya mwaka 1996 ilizipa serikali za mitaa mamlaka ya kutenga na kutunza ardhi iliyopangiwa kuwa uga, bustani, misitu ya mjini na mikanda ya kijani. Sheria ya mwaka 2019 iliyochukua mahali pake imekabidhi jukumu hilo kwa kaunti. Juu ya zote mbili imekaa Katiba ya 2010, ambayo katika Kifungu cha 42 inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, na katika Kifungu cha 69 inaiagiza serikali ijitahidi kufikisha miti katika asilimia 10 ya ardhi ya nchi. Mwenye shamba anayekusudia kuligawa sharti awasilishe ramani, na kaunti yaweza kumtaka aache sehemu ya ardhi hiyo kwa matumizi ya umma. Ukizitazama ramani hizo, utadhani kwamba kila mtaa mpya ni bustani ya Edeni.

Kasoro iko kati ya ramani na daftari. Uga huchorwa, ramani ikaidhinishwa, viwanja vikauzwa, nyumba zikajengwa. Lakini kipande kile cha kijani mara nyingi hakihamishwi kutoka kwa jina la aliyekigawa hadi kwa jina la umma. Kinabaki yatima. Miaka ikipita, maafisa waliokijua wakihama au wakistaafu, huzuka mtu mwenye hati. Wahenga hawakukosea waliponena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

Ushahidi ni tele. Tume ya Ndung'u, iliyoundwa mwaka 2003 na kuwasilisha ripoti yake mwaka 2004, ilibainisha jinsi ardhi ya umma ilivyogawiwa watu binafsi kinyume cha sheria: misitu, viwanja vya michezo, kingo za barabara, hata makaburi na vyoo vya umma. Mnamo Januari 2015, zaidi ya mwongo mmoja baadaye, wanafunzi wa Shule ya Msingi ya Lang'ata Road jijini Nairobi walirushiwa vitoa machozi na polisi walipokuwa wakipinga ukuta uliojengwa kuzunguka uwanja wao wa kuchezea. Ni jambo la kusikitisha kwamba ilibidi watoto wafanye kazi ya msajili wa ardhi.

Yapo, bila shaka, maeneo yaliyookolewa. Mwaka 1989 Profesa Wangari Maathai alisimama kidete dhidi ya mpango wa kujenga jumba la ghorofa 60 katika Bustani ya Uhuru, na jumba hilo halikujengwa. Miaka kumi hivi baadaye aliutetea msitu wa Karura hadi akapigwa na kujeruhiwa. Lakini Bustani ya Uhuru iko katikati ya jiji kuu, mbele ya macho ya dunia. Uga mdogo wa mtaa wa Kitengela, Ruiru au Mtwapa hauna Maathai wake. Kinga yake pekee ni karatasi iliyoandikwa vizuri na kuhifadhiwa vizuri.

Mahakama nazo zimeanza kusema kwa sauti kali. Tarehe 21 Aprili 2023 Mahakama ya Upeo iliamua kesi ya ardhi ya Nyali, Mombasa, iliyokuwa imepangwa kuwa mahali pa wazi lakini ikatolewa kwa mtu binafsi mwaka 1989, kisha ikauzwa. Mzozo ulizuka baada ya serikali ya kaunti kuubomoa ukuta ili kufungua njia ya kwenda ufuoni. Mahakama ilishikilia kwamba hati iliyozaliwa na ugawaji haramu haiwezi kutakaswa kwa kuuzwa, hata kama mnunuzi wa mwisho anadai hakujua lolote. Uamuzi huo ni wa kupongezwa. Hata hivyo, baina ya hati ile na hukumu ile ilipita miaka 34. Mtoto aliyezaliwa mwaka 1989 alikuwa mzazi haki ilipopatikana.

Suala la kupanda miti na kupamba mandhari lina kasoro iyo hiyo. Wajenzi wengi hudhani wametimiza wajibu wakipanda minazi ya mapambo langoni na kuifunika ardhi iliyosalia kwa matofali ya saruji. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yaliikumbusha Nairobi kwamba ardhi iliyozibwa haiwezi kunywa maji. Mandhari ni kazi ya udongo kabla ya kuwa kazi ya macho. Machimbo ya Bamburi, Mombasa, yalikuwa jangwa la mawe hadi mwaka 1971 René Haller alipoanza kupanda mivinje humo; majani makavu ya mivinje yalipokataa kuoza, aliwaleta jongoo wayatafune na kuyageuza mbolea. Leo pale ni msitu. Ikiwa shimo la machimbo liliweza kufufuliwa kwa subira, mtaa mpya hauna kisingizio.

Wapo watakaosema kwamba ardhi ni ghali, na kwamba kila hatua ya uga humwongezea mnunuzi bei ya nyumba katika nchi yenye uhaba wa makao. Hoja hiyo ina uzito, lakini haielezi ni nani anayelipa uga ukikosekana. Tajiri ana bustani ndani ya ua wake. Mtoto wa mpangaji wa chumba kimoja ndiye anayechezea barabarani.

Yafaa, basi, mambo matatu yafanywe. Kwanza, uga usajiliwe kwa jina la kaunti, kwa niaba ya wananchi, kabla kiwanja cha kwanza hakijauzwa. Pili, kibali cha kuhamia nyumba kisitolewe kabla ya miti iliyoahidiwa kupandwa na ardhi ya kunyonya maji kuachwa wazi. Tatu, wakazi waunde kamati ya kuulinda uga huo, na nakala ya ramani ibandikwe mahali ambapo kila mpita njia ataisoma.

Ataisoma kwa lugha gani? Hapa ndipo wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili wanapoguswa moja kwa moja. Kifungu cha 7 cha Katiba kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi, ilhali matangazo mengi ya kugawa ardhi na kubadilisha matumizi yake huandikwa kwa Kiingereza cha kisheria, nayo siku za kuwasilisha pingamizi hupita kabla ya jirani kuelewa anachonyang'anywa. Tena panapotafsiriwa, uga huitwa nafasi tupu, na kitu kitupu humwalika mtu akijaze. Lugha yetu ina uga, uwanja na bustani, maneno yanayotaja mahali penye kazi na wenyewe. Wataalamu wa Kiswahili wakizitafsiri ramani na matangazo hayo kwa maneno yanayostahili, watakuwa wamewapa wananchi daftari wanaloweza kulisoma. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na katika jambo hili, ukuta huo utajengwa na mwingine, katikati ya uwanja wa watoto wako.